Mwambie Kabla Hajafungua Kinywa

Wenzangu vijana wa chumba cha meno, mliniomba niandike, na mimi nikawajibu kwamba sina muda. Lakini Jumatatu iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa, nikafika mlangoni na mkoba wangu, ndipo mume wangu akaniuliza mstaafu anakwenda wapi. Nikarudi ndani nikavua viatu. Basi, mikono iliyozoea kushika vyuma miaka yote hii, leo na ishike kalamu.

Sitawaeleza jinsi nilivyopandishwa cheo. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili barua ilikosea jina langu, Mwamini. Mishahara nayo tuiache ipumzike. Miaka ya mwisho mliiona wenyewe. Nitaandika ile ya mwanzo, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire na sisi sote tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata mtu akija na shavu lililovimba kama ndimu.

Nilitoka kwetu, mtaa wa Mangobo, kwenda hospitali kwa miguu siku ile ya kwanza, koti jeupe nimelikunja kwenye mfuko ili vumbi lisilione kabla ya wagonjwa. Nilikuwa nimemaliza shule ya uuguzi, na nilitaka wodi ya akina mama. Wakanipeleka kwenye meno. Chumba kilikuwa kimoja, kiti kimoja, mashine moja ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, na mtu mmoja: Papa Lisungi. Alikuwa mfupi, Mtopoke wa upande wa Isangi, muuguzi wa meno wa miaka mingi, na koti lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo yake ungeweza kukatia mkate.

Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinionyesha kiti.

“Ikala.”

“Papa, mimi siumwi jino.”

“Nani alisema unaumwa? Mutu haingize chuma mu kinywa ya mwenzake kama yeye mwenyewe haijamuingia. Ikala, mutoto wangu.”

Nikakaa. Nilidhani ataanza mara moja, lakini alivuta kigoda akaketi mbele yangu, macho yake sawa na yangu.

“Bon, sikiliza kwanza. Nitaangalia na kioo. Halafu nitapitisha hii chuma pembeni ya meno, pale jino inakutana na nyama. Utasikia kelele kubwa kupita kazi yenyewe. Damu kidogo itatoka, hiyo haiko ajali. Ukichoka, inua mukono ya kushoto, nitasimama. Ya kuume usiinue, utanipiga.”

Kisha akaanza. Kelele ile, jamani! Ilikuwa kama panya anayetafuna mlango, na mlango wenyewe ni kichwa chako. Nilisubiri maumivu, hayakuja. Mara moja tu, nyuma ya meno ya chini, nilisikia mchomo mdogo, nikainua mkono wa kushoto, naye akasimama papo hapo, akanipa maji nisukutue. Katika kopo la kutemea nikaona vipande vya rangi ya kahawia, vigumu kama mchanga wa mto. Huo ulikuwa ukoga wangu, mimi niliyejiona msafi. Mwisho alichanganya unga laini wa jiwe na maji na tone la mnanaa, akakanyaga mashine, na kiburashi kikazunguka juu ya kila jino kikinitekenya mpaka nikacheka na povu mdomoni. Niliposhuka, ulimi wangu ulikuwa ukizunguka mle ndani kama mgeni aliyekaribishwa nyumba mpya.

“Maji ya moto kidogo na chumvi, siku tatu,” akasema. “Pilipili iache mpaka nyama ipone. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Na urudie nyuma ya miezi sita, hata kama hakuna kitu inauma. Zaidi kama hakuna kitu inauma.”

Nilitembea kurudi Mangobo nikiwachekea hata mbuzi.

Miezi miwili ya kwanza sikuruhusiwa kugusa mgonjwa. Nilipewa mayai. Papa Lisungi alipaka yai mistari ya rangi ya kucha, akaiacha ikauke, nami nikatakiwa kuikwangua yote kwa chuma chenye ncha kama mundu mdogo bila kulipasua ganda. Wiki ya kwanza nilipasua mengi, na chumba cha meno kikanukia mayai ya kukaanga kila adhuhuri, maana Papa hakuwa mtu wa kutupa chakula. Wiki ya tano yai lilitoka jeupe na zima. Akaligeuza mwangani, akasema, “Leo hatuna mboga.” Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa mwaka ule.

Alinifundisha pia kunoa. Jiwe, tone la mafuta, na mkono usiotetemeka. Chuma butu ndicho kinachoumiza, kwa sababu mkono hulazimika kusukuma. Chuma kikali hukamata chenyewe. Kijaribuni kwenye ukucha wa kidole gumba: kikiteleza, rudini kwenye jiwe. Nimewaona baadhi yenu mkipuuza jambo hili. Majina siyataji, wenyewe mnajijua.

Shida yetu kubwa siku hizo haikuwa vifaa. Ilikuwa kwamba mji wetu wote, Boyoma, ulijua jambo moja tu kuhusu kiti kile: ukikikalia, unashuka na jino pungufu. Watu walikuja jino likiwa limekwisha kuoza, wakang’olewa, wakaondoka wakiapa kutorudi. Ukimwambia mtu aje asafishwe meno yasiyouma, alikutazama kana kwamba umemwomba aje apasuliwe tumbo lisiloumwa.

Wachache waliokuja walikuwa na mambo yao. Mama Kavira, mfanyabiashara wa jumla kutoka upande wa Butembo, mwanamke wa rozari na sauti kubwa, alikubali kusafishwa kwa sharti moja: ukoga wote utakaotoka aondoke nao. “Ile kitu iko ya mwili yangu,” alisema. “Siwezi kuiacha mu mikono ya batu.” Tukaufunga kwenye kikaratasi, akautia kwenye kibweta pamoja na rozari. Mzee Asani wa Maniema alikuja mwezi wa Ramadhani, akaketi, kisha akauliza kama maji ya kusukutua yanafungua saumu. Papa Lisungi, Mkatoliki, alifikiri kwa heshima, akasema, “Mzee, hiyo maulizo iko ya shehe wako. Meno yako itangoja Idi.” Alirudi siku ya nne baada ya Idi, na hatukukuta hata punje ya kukwangua. Maisha yake yote alikuwa akitumia mswaki wa mti mara tano kwa siku. Tulimwomba tu acheke ili wagonjwa wengine waone.

Sasa niwaeleze habari ya Sajini Bosembe, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kazi hii baada ya Papa Lisungi, na alinifundisha kwa kunipigia kelele.

Alikuwa askari wa kambi ya Kapalata, mrefu, mabega kama kabati, na alipiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya jeshi. Mjini walimjua kwa sauti kabla ya sura. Jioni alikwenda kufanya mazoezi peke yake karibu na uwanja wa ndege wa zamani, Simi-Simi, na watu wa huko walisema wakimsikia huacha ugomvi wa nyumbani. Asubuhi moja aliingia chumbani mwetu, akavua kofia, akafunua mdomo, na kwa kidole akatikisa meno manne ya mbele ya chini.

“Toa hii ine,” alisema.

Papa Lisungi hakuwepo, alikuwa ameitwa na mganga mkuu. Nilichukua kioo nikaangalia. Ukoga ulikuwa umejenga ukuta nyuma ya meno yale, mnene, wa miaka mingi, na ufizi umevimba, mwekundu, unatoka damu kwa kuguswa tu. Lakini meno yenyewe yalikuwa mazima, hayana hata tundu.

“Serja, kwa nini unataka niyatoe?”

Akasema polepole, mtu mkubwa vile, sauti ikipungua. “Nikipiga, inatikisika. Noti inatetemeka. Shefu wa fanfari amesema, kama siku ya défilé inafika haijakuwa sawa, atanipa matoazi.” Akaviangalia viganja vyake. “Citoyenne, miye na matoazi? Kama mutoto mwenye anacheza na vifuniko ya sufuria? Donc toa. Nitajifunza kupiga bila meno.”

Gwaride hilo la sikukuu ya chama tawala lilikuwa limebaki wiki tano. Nilijua kwamba akipoteza meno yale, tarumbeta imekwisha, kwa maana mdomo hauna pa kuegemea. Nikamwambia sitayang’oa, nitayasafisha. Alikubali kama askari anavyokubali amri. Na mimi, kwa furaha ya kupata kazi kubwa peke yangu, na kwa kuwa watu watatu walikuwa wakisubiri kwenye benchi, nilishika chuma nikaanza. Sikuvuta kigoda. Sikumwambia lolote.

Nilifanya kazi nzuri, siwezi kujisingizia. Ukuta ule ulitoka vipande vipande, vingine vikilia kwenye kopo kama changarawe. Nilimpa maji, nikamwambia arudi wiki ijayo, nikamwita anayefuata.

Alirudi kesho yake, Papa Lisungi akiwepo. Tulimsikia tangu kwenye korido.

“Iko wapi ule mwanamuke?”

Aliingia na tarumbeta kwapani. Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti akashuka mwenyewe bila kuambiwa.

“Citoyenne! Jana meno ine ilikuwa inatikisika. Leo inacheza rumba! Maji baridi inanichoma mpaka ku ubongo. Na angalia, angalia hapa katikati, ulifungua madirisha! Napiga noti ya la, inatoka fff!” Akaweka tarumbeta mdomoni ili kututhibitishia, na kweli, ilitoka sauti ya baiskeli inayopoteza upepo. “Uliniua. Afazali ungetoa!”

Wale wa kwenye benchi walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, na niliona mama mmoja akimshika mwenzake mkono waondoke. Moyoni niliwaza, labda ni kweli, labda nimemharibu. Nikamtazama Papa Lisungi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu.

“Ulimuambia nini mbele ya kuanza?”

Nikamgeukia Sajini.

“Sikukuambia kitu, Serja. Hayo yote nilijua yangekuja, nikanyamaza. Kosa ni langu.”

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi, maana alibaki na mdomo wazi. Papa Lisungi akakivuta kigoda chake, akakisukuma kwangu kwa mguu. Nikaketi, na nikamweleza siku hiyo yale niliyopaswa kumweleza jana yake.

Nilimwambia ule ukoga ulikuwa kama udongo mkavu ulioganda kwenye nguzo za nyumba. Nguzo zilikuwa zimelegea tangu zamani, udongo ulizificha tu, na huku ukiozesha ardhi yenyewe. Tumeondoa udongo, ndiyo sababu sasa anaona nguzo zinavyotikisika na nafasi zilizo katikati. Baridi inachoma kwa sababu mzizi uliokuwa umefunikwa miaka mingi umeonja hewa. Itapungua siku kwa siku. Ufizi uliovimba utanywea, na ukinywea utashika. Lakini anatakiwa kunisaidia: chumvi na maji vuguvugu, mswaki laini hata kama damu inatoka, na wiki tatu bila kugusa tarumbeta.

“Wiki tatu!”

“Tatu.”

“Na kama haishike?”

Hapo Papa Lisungi alijibu mwenyewe. “Kama wiki tatu inapita na haishike, nitatoa kwa mukono yangu, na nitakuja kwa shefu wako kusema haiko makosa yako. Sitakudanganya, Serja. Kuna meno inakataa. Lakini yako sijaona kama inakataa.”

Sajini Bosembe akaiweka tarumbeta yake mezani kwetu, kati ya chupa ya spiriti na pamba.

“Ikale hapa,” alisema. “Kule kambini nitashindwa, nitaipiga.”

Wiki tatu hizo sikulala vizuri wala sikula. Mama yangu alidhani nimepata mchumba. Kila nilipofuta vumbi mezani niliifuta na tarumbeta. Wiki ya kwanza alikuja, nikabana jino moja moja kati ya vipini viwili vya vyuma nikasukuma taratibu: rumba ileile. Lakini alisema maji ya kisima hayamchomi tena. Wiki ya pili ufizi ulikuwa umebadilika rangi, kutoka wekundu wa nyama mbichi hadi rangi ya waridi, na nilipoupitishia mswaki haukutoa damu. Nilisafisha tena pembe zilizobaki, na safari hii nilimwambia kila hatua kabla ya kuigusa, mpaka akaniambia, “Mama, naelewa, fanya.” Mmesikia? Mama. Wiki mbili kabla nilikuwa “ule mwanamuke”.

Wiki ya tatu Papa Lisungi alitaka kupima mwenyewe. Alibana jino la kwanza, akasukuma. La pili. La tatu. La nne alilirudia mara mbili. Alienda kwenye beseni, akanawa mikono, na hapo nikamsikia akipiga mluzi. Kwa mwaka mzima sikuwahi kumsikia akipiga mluzi.

“Anza polepole,” alimwambia. “Dakika kumi. Kesho kumi na tano.”

Sajini alichukua tarumbeta, akaipangusa kwa leso, akatoka nje hata bila kuaga. Dakika moja baadaye, kutoka uani, ikaja noti moja, ndefu, iliyonyooka kama mwanzi. Haikutetemeka. Kwenye wodi ya watoto mtu akapiga makofi.

Siku ya gwaride, sisi watumishi wa hospitali tulipanga mistari kwenye barabara kubwa ya Makiso, katikati ya mji, wanawake wote kwenye kikwembe, kitenge cha aina moja, wanaume kwenye abakosti, ile suti isiyo na tai. Jua lilikuwa kali, tulikuwa tumesimama tangu asubuhi, na viatu vyangu vipya vilikuwa vimekwisha kunihukumu. Fanfari ilikuwa nyuma yetu, hatukuweza kuiona. Tukaanza kutembea. Ngoma zikaanza, kisha vyombo vya chini, kisha, juu ya vyote, tarumbeta. Ilipanda, ikakaa kule juu, ikashuka kwa madaha kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa siku ya harusi yake. Nilipoteza hatua. Nilimkanyaga muuguzi wa mbele yangu, akanigeukia kwa hasira akakuta nacheka huku machozi yakinitoka.

Papa Lisungi, aliyekuwa pembeni yangu, aliendelea kutazama mbele kama inavyotakiwa kwenye gwaride.

“Sikia,” alisema kwa upande wa mdomo. “Hiyo haiko matoazi.”

Jumatatu iliyofuata tulifika kazini tukakuta korido imejaa askari. Nilishtuka, maana siku hizo ukikuta askari wengi mlangoni mwako hukimbilii kufurahi. Lakini mmoja alikuwa amekumbatia ngoma, mwingine klarineti, mwingine lile libomba kubwa linalozungushwa begani. Ilikuwa fanfari nzima, wametoka moja kwa moja kwenye mazoezi, wamejipanga ukutani kwa utaratibu wa kijeshi. Mbele yao alisimama Sajini Bosembe, mikono nyuma, akiwahutubia.

“Mutaketi kila mutu saa yake. Ataangalia na kioo. Halafu chuma itaongea mu kichwa, lakini ni kelele tu, haiko vita. Damu kidogo itatoka; mwenye ataona damu yake na kuanguka, asiseme ni askari. Siku mbili, tatu, maji baridi itakuchoma. Meno itaonekana kama ina madirisha. Usikuje hapa na makelele kama mupumbavu fulani mwenye miye najua. Ukichoka, inua mukono ya kushoto. Munasikia?”

“Ndiyo, Serja!”

“Mukono gani?”

“Ya kushoto!”

Mpiga ngoma kubwa aliinua mkono. Wa kushoto. “Serja, na ile ukoga, tunaweza kuipeleka ku nyumba?”

Papa Lisungi alifungua mlango, akawatazama kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, akavifunga vishikizo vya koti lake kimoja kimoja. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona mstari wa watu wasioumwa. Aliniangalia, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

“Mwamini,” alisema, “chemsha maji. Na leta kigoda ya pili.”

Tuliwasafisha siku tatu. Kila mmoja alipomaliza alitoka uani kujaribu chombo chake, na mpaka Jumatano jioni hospitali nzima ilikuwa ikisikiliza muziki vipande vipande, mara klarineti, mara ngoma, na wagonjwa waliokuwa wakiogopa korido yetu wakaanza kuuliza, mmoja mmoja, kama nao wanaweza kuandikwa.